Uzi: Verossa VR25 hapa Dodoma, injini haijafunguliwa, farasi 380. Niliua ya kwanza, hii ya pili inaelekea mwaka wa tatu

Mhamiaji wa Makulu (mwanzisha uzi)

Mbukwenyi wakuu wa Makao Makuu.

Nimesoma nyuzi nyingi humu za wenye Crown na Mark II waliopandisha busti, yaani mgandamizo wa hewa ambao tabo (feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi) inausukumia injini. Zote zinaishia "fundi wangu ni hatari, chuma kinavuta". Hakuna anayerudi kusema kiliishia wapi. Mimi nitaanzia hapo: pistoni namba 5 ya injini yangu ya kwanza iko mezani kwangu, naiwekea kalamu.

Gari ni Verossa VR25. Kabla hamjaanza, ndiyo, ni ile yenye 1JZ-GTE, siyo hizi za D4 na 1G, zisizo na tabo, zilizojaa Area C. Silinda 6, cc 2,492, tabo moja, gia za mkono. Karatasi ya kiwandani inasema farasi 280, torki Nm 378. Hiyo 280 msiiamini sana. Wajapani walikubaliana wao kwa wao kutotangaza zaidi ya hapo, na walishikilia hivyo mpaka 2004.

Nilikuwa naishi Dar. Fundi wa kule akanifungia kile kivalvu cha kupandisha busti kwa kuzungusha mkono, nikatoka bar 0.7 nikafika 0.9. Gari ikawa tamu, miaka miwili hakuna tatizo. Ofisi ikahamia Dodoma, nami nikahama nayo. Wiki ya kwanza tu nikaona gari imekuwa nzito. Nikabadilisha plagi, nikasafisha kichujio cha hewa, nikalaumu petroli. Mwisho nikafanya ambacho wengi wenu mngefanya: nikazungusha kivalvu mpaka geji ikasoma 1.1.

Sikujua kwamba nilikuwa nagombana na mlima. Dodoma tuko mita 1,100 na ushee kutoka usawa wa bahari. Hewa ya Dar ina mgandamizo wa bar 1.01, ya hapa inacheza kwenye 0.89. Gari isiyo na tabo inapoteza karibu sehemu moja ya nane ya nguvu zake, haina la kufanya. Yenye tabo tunadanganywa na geji, maana geji hizi zinasoma kilichozidi hewa ya nje tu. Bar 0.9 ya Dar ukijumlisha na hewa ya nje ni 1.91. Bar 0.9 ya Dodoma ni 1.79. Sindano imesimama palepale, hewa inayoingia kwenye silinda imepungua.

Sasa angalieni upande wa tabo. Dar ilikuwa inaizidisha hewa ya nje mara 1.9. Hapa, kwa 1.1 yangu, nikaitaka izidishe mara 2.24. Ili ifanye hivyo lazima izunguke kwa kasi kubwa zaidi, na hewa inatoka ya moto zaidi. Kwa hesabu ya kompresa yenye ufanisi wa asilimia 70, hewa ya nje ikiwa sentigredi 35, Dar ilikuwa inatoka kwenye 123 kabla ya kufika intakula (rejeta ya kupoza hewa ya tabo). Yangu ikawa inatoka kwenye 149.

Na gurudumu la upande wa ekzosi la tabo ya kiwandani ya 1JZ ni la kauri. Ndiyo, kauri, ndugu yake sahani. Nimepita Kibaigwa naelekea Gairo, kuna lori nalipita, nikasikia kama mtu ameangusha sahani ndani ya beseni. Baada ya hapo nilikuwa naendesha bajaji yenye viti vya Verossa mpaka Morogoro.

Endelea post inayofuata, vidole vimechoka.

Dogo wa Kizota

Picha muhimu mkuu. Hasa ya hiyo pistoni.

Chuma_cha_Nala

Nafuatilia. Mkeka huu niutandike wapi.

Mhamiaji wa Makulu

Sehemu ya pili, mauaji yenyewe.

Vipande vya kauri vilitoka kwa nyuma, havikurudi kwenye injini. Hapo Mungu alinisaidia. Nikaleta tabo ya chuma, kubwa kidogo. Sasa nikajiona mjanja, kwamba kilichokuwa kinavunjika nimeshakitoa, basi bar 1.2 twende. Kontroo boksi (kompyuta ya injini) ya kiwandani ikiona busti imezidi inakata mafuta, gari inakohoa. Nikauziwa kidude cha kuzuia hilo. Fundi aliyekifunga alisema ni "kwa ajili ya usalama".

Kidude hicho kinachofanya ni kumziba macho mlinzi. Senza ya mgandamizo inasema hewa ni nyingi, kidude kinaikata kauli, kontroo boksi inaambiwa "bado hatujafika". Matokeo yake hewa inaongezeka, mafuta hayaongezeki. Tena nilikuwa na pampu ileile iliyotoka Japan na gari, na nozeli zilezile za kupulizia mafuta, za cc 380 kwa dakika.

Ilidumu wiki sita. Sikusikia kelele yoyote ya ajabu, nina muziki mkubwa, nakiri. Asubuhi moja pale Jamatini nikaona moshi wa bluu nyuma yangu, na kijiti cha oili kimejisukuma chenyewe kutoka kwenye mrija wake. Kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda), silinda tano zina bar 10 na kidogo, namba 5 ina 4. Kufungua: ukingo unaoshika ringi umekatika, kipande kinacheza.

Mzee wa Spana

Kijana, umesema vizuri na nakushukuru kwa ukweli. Niongeze jambo, maana niko gereji za Majengo tangu watu wanaendesha Peugeot 504.

Nyinyi mnasema "injini imenoki" ikishakufa. Hiyo ni maiti. Noki yenyewe ndiyo ugonjwa, nao unaanza mapema. Plagi ikiwasha, moto unatakiwa utembee taratibu kutoka katikati kwenda pembeni. Kukiwa na joto kali, au mgandamizo mkubwa, au petroli dhaifu, mafuta yaliyobaki pembeni hayasubiri moto uyafikie, yanalipuka yenyewe kwa mpigo. Ule mgongano wa mawimbi ndiyo noki. Kwenye gari ya kawaida unaisikia kama kokoto ndani ya kopo. Kwenye gari yenye ekzosi ya kelele na redio kubwa husikii kitu mpaka ringi zikatike.

Injini hiyo Mjapani aliipangia petroli yao ya oktani 100 hivi, na oktani ndiyo uwezo wa petroli kuhimili noki. Ya vituo vyetu siyo hiyo. Kwa hiyo kabla hujagusa hata boliti moja umeshakula sehemu ya akiba aliyokuachia.

Jingine: hewa ya Dodoma ni kavu. Unyevu wa Dar kwenye hewa unapooza moto kidogo na kuchelewesha noki. Hapa mwezi wa kumi hakuna unyevu wa kukusaidia.

Mhamiaji wa Makulu

Mzee shikamoo. Hilo la unyevu sikulijua, nalichukua.

Dogo wa Kizota

Mimi sijaelewa kitu. Kama hapa hewa inayoingia ni kidogo kwa busti ileile, si ina maana injini iko salama zaidi Dodoma kuliko Dar?

Mhamiaji wa Makulu

Swali zuri. Pistoni, ndiyo, inapumzika kidogo. Tabo haipumziki. Kwa 0.9 ileile, Dar inazidisha mara 1.89, Dodoma mara 2.0. Kwa hiyo tabo ndiyo inayolipa.

Kuna hatari nyingine ya upande wa pili ambayo watu hawaiwazi. Umeweka 1.1 hapa, gari imezoea jumla ya bar 2.0. Desemba unashuka Dar kula sikukuu. Kivalvu cha mkono hakijui umehama, kinashikilia 1.1, ila sasa jumla ni 2.11. Kama mafuta yako yalikuwa yanatosha kwa kubanabana, umeua injini kabla hujafika foleni ya Kimara, na zawadi kwenye buti.

Kwa sasa kontroo boksi yangu ni ya kuprogramu, na lengo lake limewekwa kwa jumla, siyo kwa geji: bar 2.0. Hapa geji inasoma 1.1, nikifika Dar yenyewe inashuka kwenye 1.0. Ndiyo, 1.1 ileile iliyovunja sahani. Tofauti ni kwamba tabo ya sasa ni ya chuma na kubwa, kuzidisha mara 2.25 kwake ni matembezi.

Mama Forester

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina Forester ya tabo ile SG5, injini EJ205. Fundi ananiambia kwa busti kontrola na kutoa masega ya ekzosi (yale ya kusafisha moshi) nitapata farasi 300 bila kufungua injini. Nifanye?

Mhamiaji wa Makulu

Dada, hapana, na sisemi hivyo kwa sababu ya kukudharau. Hiyo ilitoka kiwandani na farasi 220, kwa hiyo anakuahidi zaidi ya theluthi juu yake. Pistoni zake ni za kumimina, na silinda yake ina upana wa milimita 92. Yangu ni 86. Silinda ikiwa pana, moto una safari ndefu kufika pembeni, na mafuta ya pembeni yanapata muda wa kulipuka yenyewe. Halafu ukitoa masega, hewa inapita kwa urahisi na busti inaweza kupanda yenyewe bila kuigusa. Fundi asipokuambia hilo basi naye halijui.

Hela hiyo fanya hivi: badilisha oili mapema, angalia kijiti kila ukijaza petroli, na mwambie akague boliti ya paipu ya oili inayokwenda kwenye tabo. Baadhi ya Subaru za tabo zina kichujio kidogo cha wavu humo ndani, kikiziba tabo inakufa kwa kiu na vumbi lake la chuma linaingia kwenye oili ya injini yote.

Mama Forester

Asante. Fundi atanuna lakini poa.

Mzee wa Spana

Anune tu.

Chuma_cha_Nala

Turudi kwenye Verossa. Hii ya pili umeifanyia nini mpaka inaishi? Maana ni pistoni na konrodi (mikono inayounganisha pistoni na krenki) za kiwandani zilezile.

Mhamiaji wa Makulu

Hapa ndipo penye uzi wenyewe, kaeni vizuri.

Injini ni ya mtumba, sikuifungua. Kabla ya kuifunga nilipima kompresheni silinda zote. Angalizo kwa wa hapa: kipimo cha kompresheni nacho kinaathirika na mwinuko. Injini inayosoma 10 Dodoma ingesoma 11 na ushee Dar, kwa hiyo usiikatae ukilinganisha na namba za vitabu. Angalia tofauti kati ya silinda na silinda, hiyo haidanganyi.

Kitu kilichonifungua macho ni torki. Sisi tunahesabu farasi, konrodi haijui farasi. Konrodi inajua jinsi pistoni inavyosukumwa chini kila moto unapowaka, na huo msukumo ndiyo torki. Farasi ni torki ukizidisha na mizunguko, unagawanya kwa 7,121 kama torki iko kwenye Nm. Sasa chukua magari mawili. La kwanza lina tabo ndogo, linapiga Nm 550 kwenye mizunguko 4,000. Hesabu: farasi 309. La pili linashikilia Nm 450 tu mpaka mizunguko 6,000. Farasi 379. La kwanza dereva anashikwa kifuani, anasema gari ni balaa, na konrodi zinajikunja. La pili linaonekana pole pale chini, halafu linaendelea kuvuta bila kuchoka, na msukumo wake ni chini ya asilimia 20 juu ya ule wa kiwandani.

Kwa hiyo nilimwambia aliyetuni: usinipe busti yote chini ya mizunguko 4,000. Akaipanga ipande kidogo kidogo, ikifika 4,500 ndiyo inakuwa yote. Sikanyagi mafuta mpaka chini nikiwa gia ya tano kwenye mizunguko 2,000. Hiyo tabia ya kulipita lori bila kushusha gia imeua injini nyingi kuliko mbio, kwa sababu tabo inasukuma, injini inazunguka polepole, joto lote linakaa kwenye pistoni.

Mafuta: nozeli za cc 550, pampu mpya, na waya mpya nene kutoka betri mpaka kwenye pampu. Huo waya watu wanaudharau. Pampu nzuri inayopata volti 11 ni pampu mbovu. Geji ya mchanganyiko wa hewa na mafuta ipo mbele ya macho yangu, na nikikanyaga lazima isome kati ya 11.5 na 11.8, yaani uzito wa hewa kwa kila uzito mmoja wa mafuta. Ikipanda kufika 12.5 mguu unatoka wenyewe, hata nikiwa nimelala.

Cheche nilizirudisha nyuma, yaani zichelewe kuwaka, kuliko alivyotaka aliyetuni. Tulibishana. Alisema naacha farasi 20 mezani. Nikamwambia ziache hapo, mezani kuna pistoni tayari inaweza kuzitunza.

Mzee wa Spana

Plagi?

Mhamiaji wa Makulu

Nilishuka daraja moja la joto, na mwanya nikaubana kutoka 1.1 mpaka 0.75. Busti ikiwa kubwa cheche inashindwa kuruka mwanya mpana, gari inamisi, watu wanakimbilia kununua koili.

Mzee wa Spana

Sawa. Na ile puli ya krenki, mpira wake uliuangalia? Hizo za JZ mpira unazeeka, puli inaanza kucheza peke yake.

Mhamiaji wa Makulu

Hiyo nilibadilisha. Ulikuwa na nyufa kama kisigino cha mchunga ng'ombe.

Mgogo Halisi

Angalia unavyosema kuhusu visigino vyetu mhamiaji 😂

Mhamiaji wa Makulu

Samahani mtani, vyangu ni vibaya zaidi.

Niseme na maji. Hili ni la Dodoma hasa. Maji yetu ya bomba mnayajua, angalieni birika zenu za chai. Ule ukoko mweupe unaokaa kwenye birika ndio unaokaa kwenye rejeta na kwenye njia za maji za silinda hedi, tena pale penye joto zaidi. Injini ya mtumba niliyonunua ilipofika niliisafisha njia za maji mara tatu. Sasa naweka kulanti na maji yaliyosafishwa, yale ya kuongezea betri. Narudia kwa wadogo zangu: maji ya betri, SIYO asidi ya betri.

Dogo wa Kizota

Mbona umeniangalia mimi.

Chuma_cha_Nala

Mkuu, zile farasi 380 umezipima wapi? Dodoma hii hakuna mashine ya kupima, au kuna ya siri?

Mhamiaji wa Makulu

Nilikuwa nasubiri hili swali. Sijaziweka kwenye mashine. Nimezihesabu kwa mafuta. Kontroo boksi inarekodi nozeli zinafunguka kwa asilimia ngapi ya muda. Kwenye mizunguko 6,000 zinafika 67. Nozeli 6 mara cc 550 mara 0.67 ni cc 2,211 kwa dakika. Petroli lita moja ina gramu 740 hivi, kwa hiyo ni kilo 98 kwa saa. Injini ya tabo ya petroli ikikanyagwa yote inakula takribani gramu 260 kwa farasi mmoja kwa saa. Gawanya, unapata 377. Ni za kwenye krenki, siyo kwenye tairi. Ukiniambia ni 360 sitakubishia, ukiniambia ni 450 utakuwa unanipaka mafuta.

Kwa hesabu hiyohiyo, nozeli za kiwandani za cc 380 zikifunguka asilimia 85 zinaishia farasi 330. Kwa hiyo mtu anayekuambia ana 400 kwa nozeli za kiwandani, muulize anazilisha nini.

Mzee wa Spana

Hapa naomba nitofautiane nawe. Umesema mengi ya mafuta na busti, oili umeipita kama mtu anayepita msiba wa jirani. Injini hizi nyingi ninazozifungua mimi hazikufa kwa pistoni. Zimekufa kwa beringi. Oili imepikwa, imekuwa maji, mtu anatoka Singida anakimbiza, anafika nyumbani anazima hapohapo. Tabo bado iko nyekundu, oili iliyobaki ndani inaungua inakuwa mkaa.

Mhamiaji wa Makulu

Mzee uko sahihi, nimekosa. Nabadilisha kila kilomita 4,000, 5W-40, na nimefunga rejeta ya oili mbele. Kuzima, nikishatoka barabara kuu naendesha pole kilomita mbili tatu za mwisho, nikifika nakuta imeshapoa. Kutoka Nzuguni mpaka kwangu panatosha.

Mgogo Halisi

Na kichujio cha hewa? Naona wengi wanaweka zile koni za wazi.

Mhamiaji wa Makulu

Boksi la kiwandani, sijalitoa. Koni ya wazi inavuta hewa ya nyuma ya rejeta, yaani unailisha tabo joto. Na vumbi letu la Septemba na upepo ule, nani analitaka kwenye gurudumu linalozunguka mara zaidi ya laki moja kwa dakika? Pshhh yake nzuri, nakubali.

Chuma_cha_Nala

Breki?

Mhamiaji wa Makulu

Nilianza na breki na tairi kabla ya tabo. Na mjini nakwenda 50 kama nyinyi, tochi haiulizi una 1JZ au una Passo.

Dogo wa Kizota

Mimi nina Crown Athlete ile ya tabo, otomatiki. Valvu ya busti nishanunua, iko kwenye droo. Niifunge au niiache?

Mzee wa Spana

Umeshapima kompresheni?

Dogo wa Kizota

Bado mzee.

Mzee wa Spana

Jumamosi saa tatu asubuhi, Majengo. Njoo na gari ikiwa imepata moto, na hiyo valvu iache kwenye droo. Mhamiaji, na wewe njoo na pistoni yako, nataka kuona imekatikia upande gani.

Mhamiaji wa Makulu

Nakuja mzee. Kalamu nitaziweka kwenye kikombe.